Kijiji ambako mume ni mgeni

Siku ya kwanza nilipoingia katika kijiji hicho nilifanya kosa ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza wa pale asingelifanya. Nilikuwa nimeketishwa sebuleni katika nyumba ya matofali, nimepakuliwa wali na nyama, na kwa kutaka kuonyesha adabu nikamgeukia mzee mwenye nyumba, babake rafiki yangu, nikamwambia kwamba ana nyumba nzuri sana. Rafiki yangu akatafsiri. Mzee akatabasamu, akatikisa kichwa na kusema maneno machache. Wote waliokuwepo wakaangua kicheko.

"Anasema umempongeza mtu asiyehusika," rafiki yangu akaniambia. "Nyumba ni ya Mama. Yeye anakaa tu."

Baadaye nilikuja kujua kwamba mzee huyo ndiye aliyenunua matofali, saruji na mabati ya nyumba hiyo. Alikuwa fundi cherehani sokoni kwa zaidi ya miaka thelathini.

Hii ilikuwa mwaka 2019. Nilikuwa nimekwenda Jakarta, mji mkuu wa Indonesia, kwa mafunzo mafupi ya waandishi wa habari, nasi tulipopewa mapumziko ya siku nane, mwenzangu mmoja darasani akanialika kwao kisiwani Sumatra. Tulipanda ndege hadi Padang, mwendo wa chini ya saa mbili, kisha tukashika barabara ya milimani. Gari hupita bonde la Anai, ambako maporomoko ya maji yako kando kabisa ya barabara, likapanda hadi Padang Panjang na hatimaye likateremka wilaya ya Tanah Datar. Huko mpunga hulimwa katika majaruba yaliyopangwa ngazi kwa ngazi, na juu ya yote umesimama mlima Marapi, ambao ni volkano iliyo hai. (Usiuchanganye na Merapi wa kisiwani Java. Mimi niliuchanganya, nikasahihishwa.)

Wenyeji wa huko ni Waminangkabau. Katika sensa ya mwaka 2010 walihesabiwa takriban milioni 6 na nusu kote Indonesia. Ni Waislamu wa swala tano, na adhana ya alfajiri ndiyo iliyoniamsha kila siku. Hata maneno yao yalinifanya nijihisi niko Pwani: habari kwao ni kabar, dunia ni dunia, wakati ni waktu, karatasi ni kertas, wakfu ni wakaf. Lakini mtoto akizaliwa huingia ukoo wa mamake. Nyumba na majaruba ya ukoo hupita kutoka kwa mama hadi kwa binti, na kutoka kwa binti hadi kwa mjukuu wa kike. Husemekana kuwa hakuna jamii nyingine kubwa kama hiyo duniani inayofuata ukoo wa kukeni.

Sasa nikuambie, msomaji, kwa nini jambo hilo lilinishika kooni badala ya kunifurahisha tu kama mtalii.

Mamangu ni Mdigo wa Pwani ya kusini. Wadigo nao ni Waislamu, na kwa mila yao ya zamani mali ya mwanamume ilirithiwa na watoto wa dada yake wala si na wanawe wa kuzaa. Mirathi ya Kiislamu inasema kinyume: mtu akiacha watoto wa kiume, dadake hapati kitu. Kwa vizazi vingi sasa mambo hayo mawili yamekuwa yakivutana katika familia za Kidigo, na mwaka 2017 yalivutana katika yetu. Mjomba alifariki akaacha shamba la minazi la ekari nne na duka lenye vyumba vya kupangisha. Ndani ya shamba hilo mamangu ana nyumba yake ya makuti, aliyoijenga aliporudi kwao baada ya kuachika. Wanawe mjomba wakaanza kuleta madalali wa mashamba, nao wakapima kwa hatua hadi karibu na jiko la mama. Upande wetu kaka yangu alikuwa na shauri lake. Alitaka tudai shamba kwa mila, kwa kuwa sisi ndio watoto wa dada, halafu tukishalipata tuliuze.

Mama alikuwa akisikia yote hayo na kuendelea kukuna nazi yake.

Basi nilipofika Tanah Datar nilifikiri nimefika pepo ya akina mama. Siku mbili za kwanza nilijaza daftari kwa furaha. Kando ya nyumba ya matofali ilikuwepo nyumba kubwa ya kale ya ukoo, ya mbao, ndefu kama bweni, paa lake limepinda kwenda juu ncha mbili mbili kama pembe za nyati. Wao huiita rumah gadang. Mbele yake kulikuwa na kighala cha mpunga kilichosimama juu ya miguu yake. Nyuma ya ukumbi mrefu kuna vyumba, na vyumba hivyo ni vya wanawake. Zamani binti aliyeolewa karibuni alipewa chumba cha mwisho, na akiolewa mwingine, yeye husogea. Mume alikuja jioni kulala na alfajiri akaondoka kwenda kulima katika shamba la dada zake. Mamake rafiki yangu, ambaye kama wenziwe wote nilimwita Amak, yaani Mama, aliniambia kwamba waume huambiwa ni kama jivu juu ya kisiki: upepo ukivuma limekwenda. Alisema hivyo mumewe akiwa ameketi papo hapo akimenya karanga, naye hakuona neno.

Siku hizi mambo si hivyo tena. Familia nyingi zimehamia nyumba ndogo za matofali, mume na mke hukaa pamoja mchana na usiku, na ile nyumba kubwa hufunguliwa kwa harusi, matanga na vikao. Lakini ardhi iliyo chini ya matofali hayo ni ya ukoo wa mke. Nilimwuliza mzee kama haoni uchungu kujenga mahali ambapo si pake. Alifikiri kidogo, akajibu kwamba binti zake wawili wanalala humo, hivyo yeye alijenga kwao.

"Na wewe kwenu ni wapi?" nikamwuliza.

"Kwa dada yangu," akasema, akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya mto.

Siku ya tatu Amak alinipeleka majarubani, na hapo ndipo daftari langu likaanza kufutwafutwa. Nilikuwa nimeandika kwamba shamba ni lake. Alinikatiza. Shamba si lake. Yeye hulima na kula, na akifa binti zake watalima na kula, lakini mwenyewe ni ukoo, pamoja na wale ambao hawajazaliwa. Mali ya namna hiyo huitwa pusaka ya juu. Msimamizi wake si mwanamke bali ni mwanamume, mjomba wa ukoo, ambaye huitwa mamak. Kaka yake Amak ndiye aliyekuwa mamak wa nyumba hiyo. Alikuja mara mbili nikiwa pale, kwa pikipiki, akakagua mifereji ya maji, akamgombeza mpwa mmoja kwa kuacha ukingo ubomoke, akanywa kahawa, akaenda zake. Ana neno la mwisho juu ya shamba hilo lakini hana gunia hata moja ndani yake. Chakula chake kiko katika nyumba ya mkewe, kwenye shamba la watu wengine.

Kuuza, wanasema, hakuna. Kuweka rehani kupo, na kwa mila kuna sababu nne tu: maiti amelala nyumbani na hakuna cha kumzikia, nyumba kubwa ya ukoo inavuja, msichana amekomaa na hakuna cha kumwozea, au cheo cha mkuu wa ukoo kimelala muda mrefu na kinahitaji sherehe ya kukiinua. Anayetoa fedha hupewa jaruba alilime hadi siku atakayolipwa, hata ikiwa ni baada ya miaka ishirini. Na hesabu hufanywa kwa dhahabu, maana wazee wa pale waliona mapema kwamba noti hupungua thamani lakini dhahabu haizeeki. Amak alinionyesha jaruba moja lililokaa rehani miaka kumi na moja. Nikauliza kama lilikwenda kwa sababu ya maiti au paa. Akacheka huku amefunika mdomo kwa mtandio.

"Karo," rafiki yangu akasema, akiangalia chini. "Yangu. Chuo kikuu."

Karo haimo katika zile sababu nne. Mamak aliita kikao, wakazozana hadi usiku, mwishowe wakakubaliana kuiita "mabati ya nyumba kubwa." Na mabati machache kweli yalinunuliwa, ili isiwe uongo mtupu. Aliyelikomboa jaruba hilo ni kakake rafiki yangu, mwenye mkahawa wa wali karibu na Jakarta. Alituma thamani ya dhahabu ile kidogo kidogo hadi ikatimia.

Huyo kaka ni mfano wa wanaume wengi wa huko. Kijana wa Kiminangkabau hana chumba katika nyumba ya mamake. Zamani, akishafika miaka saba au zaidi kidogo, alipelekwa kulala kwenye surau, nyumba ndogo ya ibada ya ukoo, ajifunze Kurani na kujilinda kwa mikono yake. Akishabaleghe hutarajiwa kusafiri kutafuta maisha, na desturi hiyo ina jina lake, merantau. Ndiyo maana mikahawa ya chakula cha Padang imeenea Indonesia nzima, na ndiyo maana watu hawa wametoa viongozi na waandishi wengi kuliko idadi yao. Mohammad Hatta, makamu wa kwanza wa rais, alizaliwa Bukittinggi mwaka 1902. Sutan Sjahrir, waziri mkuu wa kwanza, alizaliwa Padang Panjang mwaka 1909. Ukinyimwa chumba huenda ukaitafuta nchi nzima. Lakini si kila mtu hufika kuwa Hatta.

Jioni moja tulipita kwenye surau nikamwona mzee wa miaka sabini na ushei akikunja mkeka wake. Mkewe alikuwa amefariki. Watoto wake walikuwa wema naye, lakini nyumba ile ilikuwa ya ukoo wa marehemu mkewe na yeye akaona haya kuendelea kukaa humo. Kwa dadake alikaribishwa kula kila siku, ila vyumba ni vya mabinti na waume zao. Basi alirudi kulala pale alipolala akiwa mtoto. Alinisalimu kwa uchangamfu, akauliza kama Kenya kuna mpunga. Usiku huo sikuandika chochote. Nilimfikiria mamangu na jiko lake lililopimwa kwa hatua za madalali, kisha nikamfikiria mzee huyu na mkeka wake, nikaona kwamba kila mila ina mtu wake inayemlaza nje.

Kilichobaki ni swali la dini, nalo ndilo nililotaka hasa. Inakuwaje Waislamu wa swala tano wakaishi hivi? Mwalimu wa msikiti wa kijiji, mtu mpole mwenye miwani, alinieleza kwamba watu wamekwisha kumwaga damu juu ya swali hilo. Mwaka 1803 mahujaji watatu walirudi kutoka Maka wakiwa wamekata shauri kusafisha mila. Vuguvugu lao likageuka vita, Vita vya Padri, Waholanzi wakaingia mwaka 1821 wakiunga mkono upande wa mila, na wote wakaishia chini ya Waholanzi ngome ya Bonjol ilipoanguka mwaka 1837. Baadaye Sheikh Ahmad Khatib, mzaliwa wa huko huko aliyefikia kuwa imamu wa madhehebu ya Shafi katika Msikiti Mtukufu wa Maka, aliupinga vikali urithi wa kukeni hadi alipofariki mwaka 1916. Lakini mwanafunzi wake mmoja, Haji Abdul Karim Amrullah, babake mwandishi Hamka, alipata njia ya kupita. Alisema pusaka ya juu ni kama wakfu. Marehemu hakuimiliki, na kitu ambacho marehemu hakukimiliki hakiingii katika mirathi yake.

Mwaka 1952 maulamaa na wazee wa mila walikutana Bukittinggi, na mwaka 1968 wakakutana tena pamoja na wanasheria mjini Padang. Makubaliano yao ni kwamba mali iliyotoka kwa mabibi ifuate mila, na mali ambayo mtu ameichuma kwa jasho lake igawiwe watoto wake kwa mirathi ya Kiislamu. Duka, gari, mkahawa, fedha benki, hivyo ni vya wanawe. Majaruba ya bibi si vyake kuwaachia.

"Kwa hiyo mtu akifa," mwalimu akasema, "swali la kwanza si nani mrithi. Swali la kwanza ni kitu hiki kilitoka wapi."

Nilimwomba arudie. Rafiki yangu akatafsiri mara ya pili, nami nikaandika.

Nisije nikaonekana kusema kwamba huko hawagombani. Wanagombana sana. Mabishano ya mashamba ya ukoo hufika mahakamani, wako mamak waliouza kwa siri walichopewa kulinda, na hatimiliki za serikali zimeleta vita vipya, kwa sababu jina likishaandikwa kwenye karatasi, mtu huanza kuamini kwamba ni yeye peke yake. Serikali nayo ilichangia. Sheria ya mwaka 1979 ilitaka vijiji vya Indonesia yote vifanane, hivyo mwaka 1983 zile jumuiya zao za kale, nagari, zikakatwakatwa vipande, na hazikurudishwa hadi sheria ya mkoa ya mwaka 2000. Amak anasema miaka hiyo kila kipande kilikuwa na mkuu wake na hakuna mkuu aliyejua mpaka wa jaruba la mtu.

Siku ya kuondoka alinifungia rendang, nyama iliyopikwa kwa tui la nazi na viungo kwa saa nyingi hadi tui likauke likawa jeusi. Ikafika Jakarta bila kuharibika, na niliyobakisha ikafika mjini Mombasa. Mama aliionja, akasema mpishi anajua nazi, ila ametia pilipili kama mtu mwenye hasira.

Mwezi uliofuata kikao cha familia kiliitishwa chini ya mwembe. Wanawe mjomba walikuja na karatasi ya mirathi, kaka yangu akaja na wazee wawili wa mila. Nilingoja wamalize kutoleana maneno, kisha nikauliza lile swali la mwalimu. Shamba hili mjomba alilinunua? Kimya. Mzee mmoja, ambaye hakuwa upande wowote kwa kuwa alikuwa kiziwi wa sikio moja na alisikia nusu tu ya ugomvi, akasema la, minazi hii ilipandwa na nyanyake marehemu, mzaa mamake, na mjomba aliikuta. Na duka? Duka alijenga mwenyewe, kwa fedha za bandarini. Hilo kila mtu alilijua.

Haikuwa rahisi kama ninavyoiandika. Kadhi alitueleza wazi kwamba sheria haitulazimishi kutenganisha hivyo, lakini watu wazima wakiridhiana yeye ataandika waliyoridhiana. Ilichukua miezi saba. Duka na vyumba vya kupangisha vikaenda kwa wanawe mjomba na mjane wake, shamba likabaki kwa mama na ndugu zake wa kike, lisiuzwe. Kitinda mimba wa mjomba hakutia sahihi hadi siku ya mwisho, na mpaka leo tukikutana harusini hunisalimu kupitia kwa mtu mwingine. Naye kaka yangu alinuna. Alikuwa ameshinda kwa mila, lakini mila yenyewe ikamnyima alichotaka kuuza.

Desemba 2023 Marapi ulilipuka na kuua wapanda mlima zaidi ya ishirini. Majivu na mawe yakabaki juu yakingoja mvua, na usiku wa tarehe 11 Mei 2024 mvua ikaja. Tope hilo liliteremka mitoni hadi wilaya za Tanah Datar na Agam, zaidi ya watu 60 wakafa, barabara ya bonde la Anai ikakatika. Siku mbili rafiki yangu hakujibu simu. Siku ya tatu akaandika: wote wazima, nyumba kubwa imesimama, lakini majaruba manne ya chini yamefunikwa na mawe, likiwamo lile la karo. Kakake ametoka Jakarta amekodi tingatinga, na hulipa kwa siku. Jaruba hilo halitakuwa lake kamwe, wala la wanawe, ambao ni wa ukoo wa mama yao.

Nilimsomea kaka yangu ujumbe huo kwa simu. Alinyamaza kwa muda, nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza kama mchele wa huko ni ule wa kunata. Nikamwambia la, unachambuka vizuri, punje kwa punje.